Kushukuru ni Kusifu

Liko somo moja ambalo siku hizi hufundishwa katika semina za maombi, katika mafunzo ya wanakwaya, na hata katika madarasa ya kipaimara. Watu wamelipokea kana kwamba lilichongwa juu ya mbao za mawe. Somo lenyewe husema hivi: kushukuru ni kumwambia Mungu ahsante kwa yale aliyokutendea, bali kusifu ni kumtukuza kwa jinsi alivyo. Kwa hiyo mwombaji aanze na shukrani, apande kwenye sifa, na mwisho afike kwenye kuabudu. Shukrani ni ya wachanga, ambao bado wanaangalia mikono ya Mungu. Sifa ni ya waliokomaa, ambao wanauangalia uso wake. Mwalimu akiwa hodari, huchora na ngazi ubaoni.

Nalipinga somo hili. Silipingi kwa kupenda ubishi, maana umri wangu umenipunguzia hamu hiyo. Nalipinga kwanza kwa sababu linasemwa kuwa limetoka katika Zaburi, hali Zaburi hazilijui. Waebrania wa kale hawakuwa na ngazi ya namna hiyo. Kwao kumshukuru Mungu kulikuwa ni kumsifu, na kumsifu kulikuwa ni kutaja mbele za watu alichokitenda. Pili, nalipinga kwa sababu ya matunda yake. Limetufundisha kushukuru kimya kimya kwa bahasha, na kusifu kwa kelele bila kusema tunasifu nini. Tumevigawanya vitu viwili vilivyokuwa kimoja, na vyote viwili vimedhoofika.

Mimi si mchungaji, wala si mtaalamu wa Kiebrania. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi hadi nikastaafu, na mwalimu wa lugha ana ugonjwa mmoja: akikutana na neno halipiti hivi hivi, hulisimamisha na kuliuliza limetoka wapi na linakwenda wapi. Basi, ndugu msomaji, nivumilie tulisimamishe neno hili kidogo.

Kitenzi cha Kiebrania ambacho Biblia zetu hukifasiri mara nyingi kuwa "kushukuru" ni hodah, na jina litokanalo nacho ni todah. Maana yake ya asili si kujisikia moyoni kwamba umefadhiliwa. Maana yake ni kukiri: kutamka wazi, mbele ya mwingine, kwamba jambo ndivyo lilivyo. Ndiyo maana maneno ya mzizi uleule hutumika kwa mtu anayekiri dhambi. Katika Yoshua sura ya 7, Akani alipogunduliwa kuwa ameficha nyara, Yoshua alimtaka ampe Mungu utukufu na ampe todah. Yaani aseme kweli mbele ya wote. Hapakuwa na ahsante pale! Mtu yule alikuwa anakwenda kupigwa mawe. Alichotakiwa ni kuungama kwa kinywa chake kwamba Mungu ni wa haki na yeye ndiye mwenye kosa.

Sasa mtazame Lea, mke asiyependwa. Katika Mwanzo sura ya 29 alipomzaa mwana wa 4 alitumia kitenzi hichohicho kumtaja Bwana, na kutokana nacho akamwita mtoto Yuda. Wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, waliandika hapo neno "kusifu". Wafasiri haohao, walipofika Zaburi ya 136, kitenzi kilekile wakakiandika "kushukuru". Hawakukosea mahali popote. Neno moja la Kiebrania lilikuwa limebeba mizigo ambayo sisi tumeigawa kwa wachukuzi wawili, nao kila walipofika ilibidi wachague mchukuzi mmoja. Lakini msomaji wa Kiswahili, asiyeona kilicho nyuma ya pazia, huondoka akiamini kwamba Lea alifanya jambo moja na mtunga Zaburi akafanya jingine. Na tukumbuke kwamba kutokana na jina la mtoto yule taifa zima lilikuja kuitwa Wayahudi.

Wayahudi waliofasiri Maandiko kwa Kigiriki kabla ya kuja kwa Kristo walikutana na shida hiyohiyo. Kigiriki kilikuwa nacho kitenzi cha kusema ahsante, eucharistein, ambacho baadaye kilitupatia neno Ekaristi. Hawakukitumia kwa hodah. Kwa kawaida walitumia kitenzi kinachomaanisha kukiri waziwazi. Kile cha kusema ahsante huonekana katika vitabu kama Yudithi na Makabayo wa Pili, si katika Zaburi. Walatini nao wakafuata njia ya kukiri. Ndiyo maana Agostino, alipoandika maungamo yake mwishoni mwa karne ya 4, kitabu kimoja kiliweza kuwa maungamo ya dhambi na papo hapo kuwa sifa za Mungu toka mwanzo hadi mwisho. Neno la Kilatini liliruhusu, kwa kuwa lilikuwa limejifunza kutoka Zaburi.

Mtaalamu wa Kijerumani, Claus Westermann, aliyeishi kati ya 1909 na 2000, aliliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya kumsifu Mungu katika Zaburi. Kabla yake Hermann Gunkel alikuwa amezitenga nyimbo za sifa na nyimbo za shukrani kuwa aina mbili. Westermann akasema kwamba Kiebrania hakina kitenzi cha kushukuru kilicho kando na kusifu; kinachoitwa shukrani ni namna mojawapo ya kusifu. Wako wataalamu waliompinga, nami sikatai kwamba hoja yake yaweza kuvutwa kupita kiasi. Msomaji makini ataniambia: lugha kukosa neno si watu kukosa jambo. Ni kweli kabisa. Sidai kwamba Mwebrania hakuwa na moyo wa kuona fadhila. Ninachosema ni kwamba alipoiona, kinywa chake kilifuata njia fulani, na njia hiyo tunaweza kuiona kwa macho katika habari zilizoandikwa.

Tuichukue safari ya mtumishi wa Ibrahimu, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke. Alipomkuta Rebeka kisimani, na mambo yote yakaenda kama alivyoomba, aliinama akasujudu. Hakusema, "Mimi nashukuru sana." Alimhimidi Bwana, Mungu wa bwana wake, akaeleza kwa nini: kwamba hakumnyima bwana wake rehema na kweli yake, na yeye mwenyewe ameongozwa njiani. Yethro, kuhani wa Midiani, aliposikia habari za Misri katika Kutoka sura ya 18, alifanya vivyo hivyo: alimhimidi Bwana aliyewaokoa. Wanawake wa Bethlehemu, Ruthu alipozaa, walimwendea Naomi wakamhimidi Bwana ambaye hakumwacha bila wa kumkomboa. Tazama mpangilio: jina la mtendaji, kisha tendo lake. Anayeshukuru hujificha nyuma.

Tena haikuwa kwa Mungu tu. Daudi, alipokuwa anakwenda na upanga kuiangamiza nyumba ya Nabali, alizuiwa njiani na Abigaili kwa maneno ya busara. Daudi akamhimidi Bwana aliyemtuma mwanamke yule, akaibariki busara yake, akambariki na yeye mwenyewe kwa kumzuia asimwage damu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ahsante ya Daudi. Na katika 2 Samweli sura ya 14, Yoabu alipokubaliwa ombi lake, alianguka kifudifudi na, kwa Kiebrania, "akambariki" mfalme. Wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611 waliona wasomaji wao hawataelewa, wakaandika kwamba alimshukuru. Walielewa sawasawa kilichotokea, ila ilibidi wakivue vazi lake.

Nikiwa mwalimu wa sarufi, naomba uangalie jambo dogo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Msikilize mtu anayetoa ushuhuda katika makusanyiko yetu. "Namshukuru Mungu, nimepona. Nimefaulu. Nimepata kiwanja. Nimejenga." Kiambishi "ni" kimekaa mwanzoni mwa kila kitenzi, mahali pa mtenda. Mungu ametajwa mara moja kwa heshima, kama mgeni rasmi anayetambulishwa kisha anaachwa ameketi jukwaani mpaka mwisho wa shughuli. Sasa usome Zaburi ya 30 au ya 116. Mambo yanayosimuliwa ni ya namna hii: aliniinua, aliniponya, alinisikia, aliniokoa. "Ni" yumo bado, maana aliyekuwa taabani ni mimi. Lakini amehamia katikati ya kitenzi, mahali pa mtendwa. Kutoka "nimepona" hadi "ameniponya" ni safari ya silabi chache tu. Lakini ndiyo safari yote ya sala ya Kiebrania kutoka kwa nafsi kwenda kwa Mungu.

Yesu alimchora mtu wa namna hii katika Luka sura ya 18. Yule Farisayo alisimama hekaluni akaanza kwa shukrani nzuri kabisa. Kisha vitenzi vyote vilivyofuata vikawa vyake mwenyewe: nafunga, natoa. Hiyo ni shukrani iliyokatwa kutoka kwenye sifa za Mungu. Na shukrani ikikatwa hapo haibaki tupu, hujazwa sifa za mwombaji. Wala tusidhani kwamba mfano ule ni hukumu juu ya Mafarisayo wote, maana warithi wao ndio waliotunza baadhi ya sala bora za shukrani ambazo dunia inazo, kama nitakavyoonyesha.

Nasikia mtu akisema: hayo ni ya Kiebrania, sisi ni Waswahili, na kwetu ahsante ni ahsante. Hasha! Ulizeni neno lenyewe. "Ahsante" tumelipata kwa Waarabu, na kwao ahsanta ni kumwambia mtu, "Umefanya vema." Neno tunalolitumia kila siku kushukuru, tangu sokoni hadi msibani, asili yake ni kulisifu tendo la mwenzako! Na "sifa" kwa Kiarabu ni namna kitu kilivyo, tabia yake. Hivyo kumsifu mtu ni kusema alivyo. "Himidi" nayo imetoka katika hamd. Mwislamu wa pwani akiulizwa hali hujibu "Alhamdulillahi". Hasemi kwamba yeye anashukuru, anasema kwamba sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na aliyeuliza anaelewa kuwa ameshukuru. Basi lugha yetu yenyewe inakumbuka kile ambacho semina zetu zimesahau.

Turudi kwenye ile ngazi. Walimu wake huitegemeza juu ya Zaburi ya 100, ambapo watu wanaitwa waingie malangoni kwa shukrani na nyuani kwa sifa. Husema: unaona, langoni ni shukrani, ndani zaidi ni sifa. Lakini ushairi wa Kiebrania una desturi ya kusema jambo moja mara mbili kwa maneno mawili, ubavu kwa ubavu. Tena, mara tu baada ya kufika nyuani, Zaburi inawaamuru tena wamfanyie Mungu hodah na walibariki jina lake. Kama hiyo ni ngazi, basi hao watu wamepanda juu na mara wakarudishwa chini tena kabla hawajapumua. Si ngazi. Ni mlango mmoja wenye mbao mbili.

Ushahidi mwingine ni maneno waliyoyaimba wenyewe. Nabii Yeremia, katika sura ya 33, ametuhifadhia walichokuwa wakikisema watu waletao todah nyumbani mwa Bwana: kwamba Bwana ni mwema, na kwamba fadhili zake hazina mwisho. Hebu fikiri. Mtu ametendewa jambo fulani, siku fulani. Ameleta mnyama wake kwa ajili ya jambo hilo. Anafungua kinywa, na anachosema ni jinsi Mungu alivyo! Na Zaburi ya 136 inafanya kinyume chake na papo hapo jambo lilelile: inataja kuumbwa kwa mbingu, kutoka Misri, kuvuka bahari, na mwisho chakula apewacho kila chenye mwili, na baada ya kila tendo, mara 26, linarudi kiitikio kuhusu fadhili zisizokoma. Tendo na tabia vimesukwa kama ukili. Anayetaka kuvitenganisha itabidi aufumue mkeka wote.

Na katika magombo yaliyoanza kupatikana mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, limo moja la nyimbo zinazoitwa Hodayot, kwa sababu nyingi zake huanza kwa hodah: nakukiri, nakushukuru, ee Bwana. Mahali pamoja katika gombo hilo mwandishi aliandika mwanzo huo, kisha akautia alama za kuufuta na kuandika juu yake, "Umehimidiwa wewe." Hakubadili wimbo uliofuata. Kwake yeye milango hiyo miwili iliingia chumba kimoja. Hata Injili ya Marko, sura ya 14, husema Yesu alibariki alipotwaa mkate na alishukuru alipotwaa kikombe. Wahubiri wamejichosha kutafuta tofauti. Kwa mezani pa Kiyahudi tofauti ni ndogo sana: mkate hupokewa kwa kumhimidi Mungu autoaye katika ardhi, na kikombe kwa kumhimidi aliyeumba tunda la mzabibu.

Sasa nifike mahali panaponiuma.

Todah halikuwa neno tu; ilikuwa pia sadaka. Sheria yake imo katika Walawi sura ya 7. Mtu aliyeokolewa katika hatari alileta mnyama pamoja na mikate, isiyotiwa chachu na iliyotiwa chachu. Mishna, katika mafundisho yake juu ya sadaka za unga, inahesabu mikate hiyo kuwa 40: 30 isiyo na chachu na 10 yenye chachu. Sehemu ilikwenda kwa kuhani, na nyingine yote ililiwa na mwenye sadaka. Lakini kulikuwa na sharti: nyama hiyo iliwe siku ileile, isibakizwe hata asubuhi. Piga hesabu. Mnyama mzima na mikate ile yote, kwa siku moja. Nani angemaliza peke yake? Ilimlazimu aite ndugu, majirani, na yeyote aliyekuwa karibu. Nao wakila wangeuliza: kwani kumetokea nini? Hapo angesimulia. Sharti la kula siku moja lilikuwa sharti la kusimulia.

Na alichosimulia kilikuwa na umbo lake, unaloliona katika Zaburi hizi. Kwanza nilikuwa shimoni. Kisha nililia. Kisha alinisikia akanitoa. Basi nanyi msifuni pamoja nami. Zaburi ya 107 inataja makundi 4 ya watu wa namna hii: waliopotea jangwani, waliofungwa gerezani, waliougua karibu na kufa, na waliopatwa na dhoruba baharini. Walimu wa Talmud wakaliweka jambo hili kuwa wajibu: watu wa makundi hayo manne hawana budi kushukuru. Baada ya hekalu kubomolewa mwaka 70, pasipo mnyama wala mikate, wajibu huo haukufa. Mpaka leo Myahudi aliyepona au aliyevuka hatari husimama mbele ya watu wasiopungua 10, akamhimidi Mungu awatendeaye mema hata wasiostahili, na watu wale humwitikia. Mbele ya watu 10, si kwa bahasha.

Tena katika sala yao kuu, ile ya baraka 18, kiongozi anapofika mahali pa kushukuru, paitwapo Modim, mkutano wote huinama na kusema maneno yao wenyewe ya shukrani. Mahali pengine huridhika kumwitikia Amina. David Abudarham wa Sevilla, katika karne ya 14, alieleza sababu yake: si desturi ya mtumishi kumshukuru bwana wake kwa kinywa cha mjumbe. Kuomba waweza kuombewa. Kushukuru hushukuriwi.

Mama mmoja, jirani yangu, alilazwa hospitali miezi miwili. Watoto walikuwa wameanza kuulizana juu ya mazishi. Akapona, akarudi nyumbani, akanenepa. Jumapili moja alijifunga kitenge kipya akaenda kanisani mapema, akamwomba mzee wa zamu dakika chache za kusimama mbele. Akajibiwa, kwa upole, "Mama, ibada ni tatu, muda hautoshi. Andika kwenye bahasha, yatasomwa kwenye matangazo." Akaandika, akatia alichokuwa nacho. Matangazo yakasomwa: jina lake, "anamshukuru Mungu, shilingi elfu tano." Watu wakasema Amina, likafuata tangazo la kiwanja cha vijana. Nilikuwa nimeketi benchi la nyuma yake. Alipotoka aliniambia, "Mwalimu, hata hawakuuliza alinitoa wapi."

Sina neno zito kuliko hilo katika maandishi haya yote. Hawakuuliza alinitoa wapi. Mama yule, asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania, alikuwa amekuja na todah kamili: shimo, kilio, mkono uliomtoa. Tukapokea shilingi na kuiacha sifa nje. Kisha kwaya ikasimama, vipaza sauti vikafunguliwa, tukaimba kwa nusu saa kwamba Bwana ni mkuu, Bwana ni mkuu, bila mtu hata mmoja kutaja ukuu huo ulionekana wapi juma lile, nao ulikuwa umeketi benchi la tatu na kitenge kipya.

Nazijua hoja za wanaotetea utaratibu huu, na si za kupuuza. Wa kwanza atasema: muda. Tukimpa kila mtu nafasi tutatoka jioni. Najibu kwamba muda upo, ila tumeugawa. Matangazo yana dakika zake, minada ya kuku na mayai ina dakika zake. Hakuna anayelazimisha watu 20 wasimame kila Jumapili. Mmoja anatosha, au wawili, wakiwa wamefundishwa kusema "ameniponya" badala ya "nimepona". Wengine wasimulie katika jumuiya za nyumba kwa nyumba, ambako todah ingefanana zaidi na asili yake: watu wachache, chakula, na habari.

Wa pili atasema: kusimama mbele huleta majivuno, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wahenga walimsema mgema! Hapa anayesifiwa ni Mungu, naye hawezi kuharibiwa na sifa, wala hazihitaji ili ashibe. Zaburi ya 50 inawacheka waliodhani anakula nyama ya mafahali, kisha inawaambia walete todah. Kama ni majivuno ya msemaji yanayoogopwa, dawa yake si kumnyamazisha. Dawa ni kumfundisha kukaa mahali pa mtendwa. Tena bahasha isomwayo na kiasi chake, elfu tano huyu, laki mbili yule, inaleta majivuno mengi kuliko simulizi lolote la mgonjwa aliyepona.

Wa tatu anasema jambo gumu zaidi, nami namheshimu: mbona kuna waliolia wasitolewe? Mjane aliyefiwa juzi atasikilizaje habari za aliyepona? Hapa ndipo naona ile sala ya kale ina huruma kuliko yetu. Shukrani ya Kiebrania haifuti shimo, inalitaja kwanza. Anayeshukuru hukumbuka hadharani kwamba alikuwa analia, na kwa hiyo anayelia bado humwona mwenzake, si mshindi. Zaburi ya 22 huanza kwa kilio cha mtu aliyeachwa na kuishia kwa ahadi ya kusifu katikati ya kusanyiko, na walioalikwa kula na kushiba mwishoni mwake ni maskini. Na Zaburi ya 88 imeachwa iishe gizani, bila sifa yoyote, nayo ikahesabiwa kuwa sala kamili kama zile nyingine. Kitabu kilichofundisha watu kusifu hakikumlazimisha huyo asifu. Bali wimbo wetu wa nusu saa, usiotaja shimo wala kutolewa, ndio unaomwambia mjane kwamba hapa hapana nafasi yake.

Mfalme Hezekia, alipopona ugonjwa wake, alisema katika Isaya sura ya 38 kwamba kuzimu hakumfanyii Mungu hodah. Aliye hai ndiye afanyaye hivyo, na baba huwajulisha watoto kweli ya Mungu. Kwa watu wale kushukuru ilikuwa ndiyo alama ya kuwa hai, na habari hiyo ilipita toka kinywa cha baba hadi sikio la mtoto. Wazee wao wa baadaye walifundisha kwamba siku zijazo sadaka zote zitakoma, isipokuwa ya todah. Hawakusema sadaka ya dhambi, wala ya kuteketezwa.

Basi nawaomba wachungaji na wazee wa makanisa watuondolee ile ngazi ubaoni. Bahasha zibaki, maana paa la kanisa halijengwi kwa maneno. Lakini zisiwe ndizo kinywa cha mtu. Na wewe, ndugu msomaji, usingoje utaratibu ubadilike. Ukitendewa wema na Mungu, ita watu wawili watatu, pika chochote kilichopo, mkila uwaambie alikutoa wapi. Na ukimwona mtu Jumapili amevaa nguo mpya, ameketi mbele na uso wake unang'aa, msogelee mkishatoka umwulize.